Kumalizia Sanduku la Mbao Nyumbani: Hatua Zake na Maneno Yake

Utangulizi

Kumaliza na kumalizia si jambo moja, na tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo kiini cha makala haya. Seremala anapogongomea msumari wa mwisho na kufunga bawaba, amemaliza kuunda sanduku. Kazi ya kumalizia ndiyo kwanza inaanza. Kiambishi -i- cha kauli ya kutendea kimeleta hapa maana ya kukamilisha kilichobaki: kuhakikisha kwamba mbao zimekauka, kuziba matundu, kupiga msasa, kupaka mafuta au vanishi, kufunga vyuma, na hatimaye kuliweka sanduku mahali panapolifaa.

Tumeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, katika tarafa ya Kanzenze, wilayani Rubavu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Rwanda, mtu anaweza kununua sanduku likiwa bado jeupe, yaani halijapakwa kitu, akalimalizia mwenyewe nyumbani ili apunguze gharama. Humo ndimo familia inamoweka vyeti vya shule, hati ya ardhi, nguo za harusi, mablanketi na vitabu. Sanduku likimaliziwa vibaya, vinavyoharibika ni hivyo vilivyomo ndani, na baadhi yake havinunuliki dukani.

Pili, sisi walimu wa Kiswahili tunawapa wanafunzi zoezi la kuandika maelezo ya hatua za kazi, lakini mara nyingi tunawapa mfano ule ule wa kupika chai. Chai haisamehi sana, lakini haidai maneno mengi. Sanduku linadai. Aliyeandika "pakaza" pale alipotaka kusema "paka", au "tikisa" badala ya "koroga", amemharibia mwenzake kazi ya siku tatu. Kwa hiyo tutaeleza hatua za kazi yenyewe, na kila tunapokutana na neno linalostahili kuangaliwa tutasimama kidogo.

Sanduku, kasha na isanduku

Neno sanduku limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Kasha, ambalo waandishi wengi hulitumia kwa sanduku kubwa la kuwekea mali, limetoka katika Kireno. Sanduku dogo la kuwekea vito au karatasi huitwa bweta. Kutoka pwani neno sanduku lilisafiri pamoja na misafara na biashara hadi kwetu, na leo Mnyarwanda husema isanduku kwa sanduku la nguo, kwa jeneza, na hata kwa sanduku la kura. Halikusafiri peke yake. Umusumari, ingufuri na irangi yote yana ndugu zake katika Kiswahili: msumari, kufuli na rangi. Mwanafunzi wa Kanzenze anayeogopa kwamba Kiswahili, lugha rasmi nchini mwetu tangu mwaka 2017, ni lugha ya mbali, aambiwe kwamba nusu ya karakana ya seremala tayari anaifahamu.

Katika miji ya pwani kama vile Zanzibar na Lamu, sanduku lilikuwa pambo la nyumba na sehemu ya mali ya bibi harusi. Masanduku mengi yaliletwa na majahazi kutoka India, yakiwa yameundwa kwa mbao za msaji na kupambwa kwa misumari na mabamba ya shaba. Uzuri ule ulikuwa na kazi pia. Msaji una mafuta yake ya asili yanayoukinga na maji na wadudu, na shaba haishiki kutu katika hewa ya chumvi kama chuma kinavyofanya. Fundi wa pwani alichagua mbao na chuma kulingana na adui aliyemfahamu. Nasi hatuna budi kumfahamu wa kwetu.

Adui wa sanduku katika nyanda za juu

Kanzenze iko juu ya Ziwa Kivu, katika ardhi ya volkano, ambako asubuhi huwa na ukungu na baridi. Mvua kubwa hunyesha katika misimu miwili: kuanzia Machi hadi Mei, na kuanzia Septemba hadi Desemba. Mafuriko ya mto Sebeya ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, yaliyobomoa nyumba nyingi wilayani Rubavu, yalitukumbusha kwamba yako maji ambayo hakuna sanduku linaloweza kushindana nayo. Hapa tunazungumzia maji mengine, yasiyo na kelele: unyevu wa kila siku ulioko hewani, sakafuni na ukutani.

Mbao hunywa unyevu huo na kuutoa tena kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Inapounywa hutanuka, inapoutoa hunywea. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mbao hutanuka na kunywea kwa upana, na karibu haibadiliki kabisa kwa urefu. Ndiyo maana kifuniko kilichounganishwa kwa mbao tatu au nne hupasuka katikati ya maungio wakati wa kiangazi, na hukwama kufungika wakati wa masika. Kifuniko cha upana wa sentimita 50 kinaweza kuongezeka au kupungua kwa milimita kadhaa kati ya msimu na msimu.

Vanishi wala mafuta hayauzuii unyevu kabisa. Yanaupunguza mwendo. Mbao iliyopakwa vizuri hubadilika polepole, na mabadiliko ya polepole hayapasui. Msomaji akilishika jambo hili moja, ataelewa sababu ya karibu kila hatua inayofuata.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha ukavu

Mti uliokatwa karibuni unaweza kubeba maji yanayozidi nusu ya uzito wa mbao yake ikiwa kavu. Sanduku la kukaa ndani ya nyumba linahitaji mbao ambazo unyevu wake umeshuka hadi kiasi cha asilimia 12 hivi, pengine zaidi kidogo katika maeneo ya baridi na mvua. Ubao wenye unene wa sentimita 2.5 unaokaushwa kivulini kwa hewa tu unaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, kufikia hapo. Mkaratusi, ambao hapa kwetu huitwa inturusu, unajulikana kwa kujipinda na kupasuka unapokaushwa kwa haraka. Mgrevilea ni mtulivu zaidi. Msonobari hukauka upesi, ila vifundo vyake hutoa utomvu.

Nyumbani hatuna mashine ya kupimia unyevu, lakini tuna mizani ya duka la jirani. Mwombe seremala kipande kilichobaki cha mbao zile zile zilizounda sanduku. Kipime, andika uzito na tarehe, kisha kiweke katika chumba kile kile lilimo sanduku. Kipime tena baada ya siku saba, na tena baada ya siku saba nyingine. Uzito ukiwa bado unapungua, mbao bado zinatoa maji, subiri. Uzito ukitulia kwa vipimo viwili au vitatu mfululizo, endelea. Usilianike sanduku juani ili kuharakisha kazi. Upande unaopigwa na jua hunywea kabla ya upande wa pili, na mbao hupinda.

Hapa inafaa kutofautisha maneno. Mti ukikatwa tunapata gogo. Gogo likipasuliwa tunapata mbao. Mbao moja, kwa Kiswahili sanifu, ni ubao, ingawa katika mazungumzo ya kawaida wengi husema "mbao moja". Mwanafunzi akiandika "ubao zimekauka" amevunja upatanisho wa kisarufi. Akiandika "mti zimekauka" amevunja upatanisho na maana pia.

Hatua ya pili: kukagua na kuziba

Ligeuze sanduku pande zote penye mwanga wa kutosha. Tafuta vichwa vya misumari vilivyochomoza, matone ya gundi (kole, kama maseremala wetu wanavyoiita), nyufa na matundu. Vichwa vya misumari vipigwe kwa kizamishio, au kwa msumari mwingine uliokatwa ncha, hadi vizame kidogo chini ya uso wa mbao. Gundi iliyokauka juu ya mbao ikwanguliwe kwa patasi kali, kwa kuwa palipo na gundi vanishi haitazama na doa litaonekana milele.

Matundu madogo ya mviringo yanahitaji uangalifu wa pekee. Huenda ni ya bungua, mdudu anayekula mbao kutoka ndani. Weka karatasi nyeupe chini ya sanduku usiku kucha. Asubuhi ukikuta unga laini uliodondoka, bungua bado yumo, na kuziba tundu ni kumfungia chakula. Lirudishe sanduku kwa fundi au ulitibu kwa dawa ya mbao kwanza. Ukikuta karatasi safi kwa siku kadhaa, huenda matundu ni ya zamani; unaweza kuyaziba.

Maseremala wengi huziba kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi. Njia hiyo ni rahisi na inafaa kwa matundu madogo, mradi unga uwe mwingi na gundi kidogo. Gundi ikizidi, mahali pale hapatapokea rangi na patabaki peupe. Ufa mrefu usizibwe kwa mchanganyiko huo, kwani utafunguka tena. Kata kipande chembamba cha mbao ile ile, kipake gundi na ukichomeke.

Hatua ya tatu: kupiga msasa

Msasa ni mti. Kwa jina la kitaalamu unaitwa Ficus exasperata, na majani yake yana ukwaruzo mkali kiasi kwamba watu wameyatumia tangu zamani kusugulia mbao na vyombo. Karatasi ya dukani ilipokuja ilirithi jina la jani. Kutoka karakana neno likaingia darasani: leo tunasema insha imepigwa msasa, au walimu wamekwenda kupigwa msasa katika semina. Tutarudi kwenye maana hiyo baadaye.

Namba iliyochapishwa nyuma ya karatasi huonyesha ukubwa wa chembe. Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo na karatasi ni laini. Kwa sanduku la kawaida anza na namba 80 ili kuondoa alama za randa na msumeno, ufuate na 120, kisha 180. Anayetaka ulaini zaidi amalizie na 220. Usiruke kutoka 80 hadi 220. Kazi ya kila karatasi ni kuondoa michubuko iliyoachwa na karatasi iliyotangulia, na karatasi laini haina nguvu ya kuondoa michubuko mirefu. Itaing'arisha tu, na vanishi itakapopakwa michubuko yote itajitokeza kana kwamba imechorwa kwa wino.

Viringisha karatasi kwenye kipande bapa cha mbao ili mkono usichimbe mabonde. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kwa kuzikata. Baada ya namba 180, pangusa uso wote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uache ukauke. Nyuzi fupi zitasimama kama ndevu. Zisugue kwa wepesi kwa karatasi iliyotumika. Ukiiacha hatua hii, nyuzi hizo zitasimama ndani ya koti la kwanza la vanishi na sanduku litakwaruza kama ulimi wa paka.

Kama sanduku ni la zamani na lina rangi usiyoijua asili yake, usilisugue kavu ndani ya nyumba. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto zaidi ya watu wazima. Lowesha karatasi ya msasa inayovumilia maji, fanyia kazi nje, na utupe matope yake mbali na mahali watoto wanapochezea.

Hatua ya nne: kupaka rangi ya mbao

Hatua hii si ya lazima. Mbao nyingi zinapendeza kwa rangi yake ya asili. Anayetaka weusi wa kizamani anaweza kuutengeneza jikoni. Loweka misumari ya chuma yenye kutu katika siki kwa siku kadhaa, bila kukaza kifuniko cha chupa, kwa kuwa gesi hutoka. Chemsha chai nzito ya majani. Wilaya yetu yenye kiwanda cha chai cha Pfunda haikosi majani. Paka chai juu ya mbao, acha ikauke, kisha paka maji ya siki. Tanini iliyomo ndani ya chai hukutana na chuma kilichoyeyuka na mbao hugeuka kijivu au nyeusi. Jaribu kwanza kwenye kile kipande ulichokuwa ukipima, kwa sababu kila mbao hujibu kwa namna yake.

Tukio hilo hilo ndilo hufanya msumari wa chuma uache doa jeusi kwenye mbao yenye tanini nyingi inapopata maji. Palipo na uwezo, tumia skrubu za shaba au zilizopakwa zinki.

Hatua ya tano: mafuta, vanishi au nta

Yako mafuta yanayokauka na mafuta yasiyokauka. Mafuta ya kitani hukauka: yanapokutana na hewa hubadilika na kuwa utando mgumu. Mawese, mafuta ya nazi na samli hayakauki. Mtu anayesugua sanduku kwa mawese atafurahia mng'ao wa wiki moja, kisha atabaki na uso unaonata, unaokusanya vumbi na kunuka uchachu. Neno "mafuta" peke yake, basi, halitoshi katika maelezo ya kazi. Mwandishi hana budi kusema mafuta gani.

Anayetumia mafuta ya kitani apake kwa wingi kiasi, asubiri dakika 15 hadi 20, halafu apanguse yote yaliyobaki juu. Koti la pili lifuate baada ya siku nzima au zaidi, kulingana na baridi. Jambo la hatari ni vitambaa vilivyotumika. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kujipasha hadi kikawaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje mpaka kikakamae, au kizamishe ndani ya kopo la maji. Onyo hili lisiachwe katika maelezo yoyote ya kazi hii.

Vanishi, ambayo madukani kwetu huitwa verini, ndiyo inayopendwa zaidi kwa sababu inavumilia maji na mikwaruzo. Koroga kopo polepole kwa kijiti, usilitikise. Kutikisa huingiza mapovu ya hewa, na kila povu litaganda juu ya kifuniko kama kipele. Koti la kwanza lipunguzwe kwa thina, sehemu moja ya thina kwa sehemu tano hadi kumi za vanishi, ili lizame ndani ya mbao. Paka kwa brashi safi kwa mistari mirefu inayofuata nyuzi. Kupaka ni kuweka tabaka jembamba lililo sawa; kupakaza ni kusambaza ovyo kama mtoto anayejipakaza uji. Makoti matatu membamba yanashinda koti moja nene, kwa sababu koti nene hukauka juu na kubaki bichi chini, kisha hukunjamana. Kati ya koti na koti sugua kidogo kwa msasa wa 220 na upanguse vumbi lote.

Kanzenze tunashauri kazi hii ianze saa tatu asubuhi, ukungu ukishapanda, na isivuke saa saba mchana. Vanishi iliyopakwa jioni hukutwa na baridi na umande kabla haijakauka, na hupoteza mng'ao wake. Madirisha yawe wazi, na jiko la mkaa, imbabura, lisiwe karibu. Mvuke wa thina hushika moto kwa urahisi na huumiza kichwa. Watoto na mama mjamzito wasilale katika chumba hicho hadi harufu iishe.

Kugusa vanishi bila kunasa kidole hakumaanishi kwamba kazi imekwisha. Kukauka ni jambo la saa; kukomaa ni jambo la siku na wiki. Lisubiri sanduku wiki mbili au tatu kabla ya kuweka kitu kizito juu yake.

Anayependa mguso wa kizamani zaidi atumie nta ya nyuki. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa katika sufuria ya maji moto, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, ichanganywe na mafuta ya kitani, ipoe, kisha isuguliwe kwa kitambaa. Nta hainyimi maji njia kama vanishi, ila inarekebishika kwa urahisi: panapofifia unasugua tena.

Ndani ya sanduku

Wengi hupaka vanishi nje na ndani kwa nia njema. Matokeo yake ni nguo na vitabu kunuka thina kwa miezi, kwa kuwa sanduku lililofungwa halina pa kutolea mvuke. Mafuta nayo yakifungiwa ndani huchacha. Kwa hiyo pande za ndani ziachwe bila kitu, zikiwa zimepigwa msasa vizuri.

Kifuniko ni tofauti. Kikipakwa upande wa juu pekee, upande wa chini utanywa na kutoa unyevu kwa kasi zaidi, na kifuniko kitapinda kama sahani. Kipakwe pande zote mbili kwa idadi sawa ya makoti, kisha kiachwe wazi hadi harufu yote iishe kabla ya kuingiza vitu.

Dhidi ya nondo na mende tuna dawa ya shambani kwetu. Pareto, ibireti kwa Kinyarwanda, hulimwa katika ardhi ya volkano ya kaskazini-magharibi mwa Rwanda, na maua yake makavu ndiyo asili ya dawa nyingi za wadudu. Maua makavu machache ndani ya kifuko cha kitambaa yakiwekwa pembeni husaidia, na giza la ndani ya sanduku hulinda nguvu yake, kwani mwanga wa jua ndio huiua. Yabadilishwe kila baada ya miezi michache, na wenye pumu wayaepuke.

Vyuma, hewa na usalama wa watoto

Toboa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko skrubu, ndipo ufunge bawaba na kitasa. Mbao kavu isiyotobolewa hupasuka. Weka mnyororo au mkono wa kuzuia kifuniko kisianguke ghafla juu ya vidole.

Jambo linalofuata ni zito kuliko yote tuliyoyasema. Sanduku linaloweza kumhifadhi mtoto linaweza pia kumuua. Mwaka 1996 nchini Marekani ulitangazwa mpango wa kubadilisha vitasa vya masanduku ya mwerezi yapatayo milioni 12, yaliyotengenezwa na kampuni ya Lane kati ya mwaka 1912 na 1987, baada ya watoto waliojificha ndani kujifungia na kukosa hewa. Vitasa hivyo vilijifunga vyenyewe kifuniko kiliposhuka, na havikuweza kufunguliwa kwa ndani. Usifunge kitasa cha namna hiyo. Tumia pete na kufuli la nje, na lisipotumika lisiachwe likining'inia kwenye pete. Toboa matundu mawili au matatu ya hewa nyuma ya sanduku na mengine ubavuni, ili sanduku likisukumwa ukutani yasizibike yote. Matundu hayo hayo huzuia ukungu kuota kwenye nguo, kwa hiyo faida ni mbili.

Hatimaye sanduku lisimame juu ya miguu au vipande vya mbao, angalau sentimita tano kutoka sakafuni, na kiasi hicho hicho kutoka ukutani. Sakafu ya saruji hupitisha unyevu wa ardhi hata inapoonekana kavu. Mara moja kila msimu, siku ya jua, lifungue, toa vitu, upangushe ndani.

Kazi ya darasani

Mwalimu anaweza kuligeuza somo hili kuwa zoezi la vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi wapange jozi hizi na waeleze kwa mifano tofauti ya kila moja: maliza na malizia, paka na pakaza, sugua na pangusa, kwangua na futa, koroga na tikisa, loweka na lowesha, kauka na komaa, ziba na funga. Katika kipindi cha pili waandike hatua za kazi moja inayofanyika nyumbani kwao, iwe kusuka agaseke au kusafisha icyansi, kisha wabadilishane karatasi. Msomaji ajaribu kuifanya kazi kwa maandishi yale tu, bila kumwuliza mwandishi. Atakapokwama, hapo ndipo neno lilipokosewa au hatua iliporukwa. Vilevile walinganishe namna za kuagiza: "paka", "upake", "ipakwe", "mtu hupaka". Zote ni sahihi, lakini maelezo yanayochanganya zote bila mpango humchosha msomaji.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye kupiga msasa. Tumezoea kuwaambia wanafunzi wakapige msasa insha zao, nao huenda wakabadilisha maneno mawili matatu yapendeze zaidi. Seremala anatufundisha maana kamili. Msasa huanza na karatasi ya kukwaruza: kwanza mpangilio wa hoja, kisha aya, kisha sentensi, na mwisho tahajia. Anayeanza na tahajia katika insha ambayo hoja zake hazijakaa sawa ameruka kutoka namba 80 hadi 220, na michubuko yake itaonekana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumalizia sanduku si kulipamba. Ni kulipa sanduku uwezo wa kuishi na hewa ya mahali lilipo, na kuvipa vilivyomo ndani miaka mingi. Haraka haraka haina baraka: kazi nyingi za namna hii huharibikia mwanzoni, kwa mbao mbichi na msasa uliorukwa, ingawa lawama huishia kwa vanishi. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walio karibu na karakana za Rubavu na kwingineko, watuletee maneno ya maseremala wanayoyasikia huko, pamoja na maelezo ya matumizi yake, ili tuyakusanye na kuyafundisha. Kiswahili cha nchini mwetu kitakomaa pale kitakapoweza kumwambia mtu, bila kubabaisha, akoroge au atikise.